Kifundo cha Shangazi

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshapiga picha za vifundo vya mguu vitatu. Kila mwaka ni hivihivi. Watu wanajua sakafu ikilowa inateleza, na bado wanakimbia.

Mke wangu anasema nikirudi nyumbani naongea kazi mpaka chakula kinapoa, kwa hiyo ameninunulia daftari hili, eti nimalizie maneno humu kwanza ndipo nikae mezani. Haya basi. Mimi ni mpiga picha za eksirei, mwaka wa ishirini na sita sasa katika hospitali hiihii, na mifupa naikumbuka kuliko sura za watu.

Tuna daktari mpya wa mifupa. Yule mzee aliyestaafu alikuwa anapasua mguu kutoka hapa hadi pale, anauona mfupa kwa macho yake, anauunga kwa bamba la chuma, halafu mwishoni ananiita nipige picha moja ya kumbukumbu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye korido nasoma gazeti. Huyu mama mpya hapasui, anatoboa. Kitundu kimoja kwa nje ya kifundo, viwili kwa ndani, hakuna kinachozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo. Anapitisha waya mwembamba ndani ya mfupa, kisha skrubu yenye tundu katikati inaufuata waya ule mpaka mahali pake. Kwa kuwa haoni kitu kwa macho, lazima mimi nisimame pale muda wote na aproni nzito ya risasi ya kuzuia mionzi mgongoni, nipige picha, nipige tena, nisogeze mashine, nirudishe. Tumeshampa jina: Daktari Matundu. Leo mgongo wangu umekoma ubishi.

Machi 4

Mvua. Vifundo viwili, kiwiko kimoja.

Machi 7, Ijumaa

Huyu mama ana kituko chake. Kabla hajachomoa waya wa mwisho na kufunga vitundu, anasimama, anakunja mikono kifuani ili isiguse kitu, na kuuliza: nani hajaridhika? Halafu anazunguka chumba kizima, mmoja mmoja, kuanzia mtu wa ganzi, muuguzi, mpaka mimi. Mhudumu wa usafi akiwa karibu naye anaulizwa. Na kila mtu ajibu kwa mdomo wake. Leo nilitikisa kichwa tu, akanisubiri mpaka nikasema nimeridhika. Nilimwambia muuguzi baadaye kwamba tumehamia kwenye kikao cha ukoo.

Lakini niandike na hili, maana daftari halina wa kumsimulia. Tulipokuwa tunavua aproni alinieleza kwa nini anasumbua kiasi kile. Ukipiga kifundo kwa mbele mguu ukiwa umenyooka, vidole vikitazama juu, mifupa inafunikana. Mguu lazima ugeuzwe kidogo kwa ndani mpaka uonekane mstari mweusi unaozunguka mfupa wa katikati bila kukatika. Huo mstari ndio uwazi wa kiungo. Ukionekana wote, skrubu haina pa kujificha. Ukikatika hata kwenye kona, hujui kilichomo. Nilikuwa nayajua hayo tangu chuoni, ila hakuna aliyewahi kuyahitaji kwangu.

Akasema, "Wewe ndiye macho yangu. Ukisema unaona, mimi nimeona."

Nilijifanya sikusikia vizuri. Nimerudi nyumbani kichwa kikubwa.

Machi 11, Jumanne

Shangazi ameanguka.

Alikuwa anatoka dukani na jora la kitambaa begani, ngazi ya mlangoni ina vigae, mguu wa kulia ukateleza na mwili mzima ukaja juu yake. Nimempiga picha mwenyewe. Kifundo kimevunjika pande zote mbili, mfupa wa nje na wa ndani, na mguu umekaa upande. Nimepiga picha za namna hii mamia, na huwa sirudii. Leo nilirudia mara mbili.

Yeye alikuwa ametulia kuliko mimi. Akaniuliza kama nimekula.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na dada huyu wa baba akanichukua pamoja na godoro langu. Kila kitabu na kila kiatu changu cha shule kilitoka kwenye cherehani yake ya kukanyaga. Mpaka leo, na miaka sitini na minane, anakanyaga kutwa kwa mguu wa kulia. Tulimpa ya umeme akaigawa, eti inakimbia kama imeitwa. Sijawahi kumsikia akisema amechoka, wala kwamba kitu kinamuuma. Watu husifu jambo hilo. Mimi linanitisha kidogo.

Machi 12

Tatizo ni sukari. Anayo mwaka wa kumi na tano, ngozi ya miguu imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Miaka mitatu iliyopita jirani yake, mwenye sukari kama yeye, alivunjika hivihivi. Yule mzee wetu akapasua kama kawaida yake, kidonda hakikufunga, na mwisho mguu ukakatwa chini ya goti. Shangazi alikuwa akimpelekea chakula wodini. Anajua kila kitu.

Daktari alikaa kitandani kwake, hakusimama. Akamwonyesha kwa kalamu vitundu vitakapokuwa. Akasema watasubiri uvimbe ushuke na malengelenge yakauke, na sukari iteremke, ndipo wafanye. Shangazi alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: nitakanyaga cherehani?

Daktari akamwambia, "Mfupa utashika, sina wasiwasi. Kukanyaga ni habari ya kiungo. Ndani kukiwa laini, utakanyaga. Kukiwa na mkwaruzo, hutakanyaga."

Machi 15

Uvimbe umepungua. Mvua haijapungua.

Machi 17

Mwenzangu wa eksirei yuko likizo. Daktari amenishauri tuazime mtu kutoka hospitali nyingine kwa siku ya Shangazi, kwamba si vizuri mtu kufanya kazi kwa damu yake. Nikamwambia hakuna mwingine anayejua picha zako. Akanitazama kidogo, akakubali. Mke wangu anasema ningemwachia mgeni. Nimemwambia mgeni atajifunzia kwa Shangazi yangu? Hapana.

Machi 20, Alhamisi

Nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Tuliingia saa nne. Ganzi ilikuwa ya mgongoni, kwa hiyo Shangazi alikuwa macho, shuka limesimamishwa kifuani mwake ili asione chini. Mfupa wa nje ulikwenda vizuri ajabu. Kitundu kimoja, waya, picha, skrubu ndefu, picha. Damu haikujaza hata kipande kimoja cha pamba. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba huyu mama ametumwa.

Mfupa wa ndani ndio uliosumbua. Kile kipande kilikuwa kidogo na laini, waya ukiingia kinazunguka. Akajaribu, akatoa, akajaribu. Saa moja na nusu ikapita. Shangazi akaanza kutetemeka kwa baridi, mtu wa ganzi akamwongezea blanketi. Hatimaye skrubu mbili zikaingia na Daktari akaomba picha za mwisho. Ya ubavuni ilikuwa safi. Ya mbele, mguu ulikuwa umejilegeza kwa nje. Muuguzi akaugeuza ndani, nikapiga. Mstari ukakatika kwenye kona ya ndani, palepale ilipo skrubu. Akaugeuza tena, akavuta kwenye nyonga, ambako ganzi ilikuwa imeanza kuisha, nikasikia Shangazi anaguna nyuma ya shuka. Nikapiga. Mstari ulikuwa umefunguka zaidi, lakini kwenye ile kona kivuli kilibaki. Labda kilikuwa mfupa. Labda kilikuwa skrubu imechungulia ndani ya kiungo. Ilibaki kugeuza mara moja tu, kiasi cha upana wa vidole viwili.

Shangazi akaita, "Mwanangu, bado?"

Moyo ukanilegea. Sina neno jingine. Miaka ishirini na sita ya kazi ikaondoka, nikawa mtoto anayetaka shangazi yake aachwe.

Daktari akakunja mikono kifuani. Nani hajaridhika? Mtu wa ganzi karidhika. Muuguzi karidhika. Akafika kwangu. Kwenye kioo cha mashine yangu ile kona ilikuwa inanitazama. Yeye alikuwa amesimama upande mwingine wa meza, kioo chake kilikuwa na mwanga wa taa, na alikuwa akinisubiri mimi, maana mimi ndiye macho.

Nilichelewa kidogo. Halafu nikasema nimeridhika.

Akafunga. Mishono mitano jumla. Shangazi alipopitishwa mbele yangu alinishika mkono, wa kwake wa baridi, akasema asante.

Machi 21

Nimeifungua picha kwenye kompyuta mara sita. Kivuli kipo.

Machi 22

Ni mfupa. Nina hakika ni mfupa.

Machi 25

Sina hakika.

Machi 28, Ijumaa

Mvua imeleta vifundo vinne leo, na vyote Daktari amevifanya kwa vitundu, na vyote nimegeuza mguu mpaka mstari ukaonekana wote. Muuguzi ameniuliza siku hizi nimekuwaje, nawatoa watu jasho. Nikasema kazi ni kazi. Ajabu ya mambo, sijawahi kufanya kazi vizuri kama wiki hii. Kila nikisikia lile swali la nani hajaridhika, natazama kioo tena kabla ya kujibu.

Nimeacha kumwita Matundu. Juzi nilimwona amekaa na mgonjwa aliyekataa kupasuliwa, mzee mkaidi, akamsikiliza nusu saa nzima bila kutazama saa. Nilikuwa nimemwona mtu wa madoido. Mtu wa madoido ni mimi.

Aprili 3, Alhamisi

Wiki mbili. Plasta ya nusu, iliyoushika mguu kwa nyuma, imefunguliwa na mishono imetolewa. Vidonda vimefunga vyote, vikavu, unavitafuta kwa macho. Muuguzi wa kliniki aliwaita wenzake waje waone, mgonjwa wa sukari, ngozi ile, na hakuna hata usaha. Shangazi akawaambia waangalie bila kumpumulia mguuni.

Kisha wakamleta kwangu kwa picha ya kuangalizia. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mguu ulikuwa wazi, hauna plasta, tuko wawili tu chumbani. Ningeugeuza vidole viwili na ningejua. Sikuugeuza. Niliogopa kujua kuliko nilivyoogopa kutojua. Nikapiga vilevile mguu ulivyolala.

Daktari alipoiona akasema imelala upande kidogo. Nikamwambia mguu bado umekaza, hauendi ndani. Uongo wa kwanza niliuita huruma. Huu ulikuwa uongo mtupu, na niliutoa mdomoni bila kumeza mate.

Akaniamini, wakafunga plasta mpya.

Aprili 10

Mvua. Sina la kuandika.

Aprili 19, Jumamosi

Nilikwenda kwa Shangazi. Amekaa na mguu juu ya stuli, anakata vitambaa mapajani, cherehani imefunikwa shuka. Wateja wake wanasubiri, kazi zimejaa mpaka juu ya kabati. Anasema wiki ya kwanza ya Mei atakuwa anakanyaga. Mke wangu akacheka akamwambia ajipe nafasi, mtoto wa watu. Mimi nikasingizia simu nikatoka nje.

Mei 1, Alhamisi

Plasta imetoka kabisa. Mguu umekonda, umekuwa wa mtu mwingine. Ameanza mazoezi: kukunja kifundo juu na chini, kuzungusha, kila siku, kwa mtaalamu wa mazoezi pale chini kwetu. Daktari alimuuliza kama panauma. Akasema hapana, panabana tu.

Nilipumua. Nikajiambia basi ilikuwa mfupa.

Mei 5

Anaendelea vizuri, anasema. Mvua inaelekea kuisha.

Mei 9, Ijumaa

Mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole anayeongea taratibu, amenikuta nakunywa chai akakaa. Akasema samahani, mzee, ni kuhusu shangazi yako. Anasema haumwi. Lakini nikifika mahali fulani katika kukunja, jasho linamtoka usoni na anashika kitanda mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Na jana, akasema, nilisikia kitu kinakwaruza chini ya mkono wangu.

Chai ikanishinda. Nikamuuliza ni mahali gani, nikijua atakachosema. Akanionyesha kwenye mguu wake mwenyewe: kona ya ndani.

Nikapanda ngazi mpaka ofisini kwa Daktari kabla sijapata muda wa kufikiri, maana ningefikiri ningeshuka. Nikafunga mlango. Nikamwambia mstari ulikatika. Nikamwambia niliona siku ileile, na Aprili mguu haukuwa umekaza, nilikataa tu kuugeuza. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Nilitaka anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa.

"Kila siku ya mazoezi," akasema mwisho, "ile skrubu ilikuwa inakula kiungo. Siku tisa. Na mimi ndiye niliyemwandikia mazoezi."

Kisha akasimama akasema tukampige picha, sasa hivi. Nikashika mguu wa Shangazi mwenyewe, nikaugeuza ndani. Mstari ulionekana wote, mweusi, mwembamba, na kwenye kona nyuzi mbili za skrubu zilikuwa zimeingia ndani ya kiungo. Hata mwanafunzi angeziona.

Mei 12, Jumatatu

Wameitoa. Walipitia kitundu kilekile, skrubu moja ikatoka, mfupa ulikuwa umeshika kiasi kwamba haikuhitaji nyingine. Picha zilipigwa na mtu wa kuazima. Mimi nilikaa kwenye korido. Sikuwa na gazeti.

Daktari ametoka akaniambia: mguu utabaki, atatembea, kidonda hakina hofu. Ndani pamekwaruzika. Atakanyaga nusu saa, pengine saa moja kwa siku akijaliwa. Kutwa nzima, hapana, haitakuwa tena. Kosa amelisajili kwenye faili kama lilivyo, langu na lake, kwa sababu aliona picha imelala akakubali. Mimi natolewa thieta, chumba cha upasuaji, mpaka hospitali itakapoamua vingine. Kuanzia kesho ni picha za vifua. Nimeona ni haki. Akaniuliza nani atamwambia mgonjwa. Nikasema mimi.

Mei 13

Sikwenda. Nilimtuma mke wangu apeleke chakula tu.

Mei 14

Sikwenda.

Mei 17, Jumamosi

Nimekwenda. Jua lilikuwa kali, matope ya mlangoni kwake yamekauka. Mke wangu alinisindikiza mpaka hapo akarudi, alisema hili si la watu watatu.

Shangazi alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipokaa yakanipotea yote. Nikaanza na kivuli, nikaingia kwenye mstari, nikarudi kwenye kivuli. Hakunisaidia. Akaacha nijikokote mpaka mwisho, mpaka nikasema ile saa moja kwa siku.

Kisha akasema, "Nilijua."

Nikadhani Daktari amemwambia. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa macho, baba. Niliwasikia wote wanaulizwa. Wenzako walijibu palepale. Wewe ulinyamaza kwanza. Nimekulea mimi, sikijui kimya chako? Nikasema hapa pana jambo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nikamuuliza kwa nini hakusema hata alipoanza kuumia, alipoulizwa na daktari, alipoulizwa na yule kijana siku tisa mfululizo. Sauti ilinipanda, nilikuwa na hasira, na Mungu anisamehe, hasira yenyewe ilikuwa juu yake.

Akanijibu taratibu, "Ningesema panauma wangetafuta, wangekuta ni wewe. Mbele ya wenzako. Nikasema ngoja, huyu atasema mwenyewe. Nikangoja."

Mimi nilinyamaza ili nisionekane. Yeye alinyamaza ili mimi nisionekane. Na kati yetu tumekimaliza kiungo kilichonilisha. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili, na hakuniambia nijikaze. Aliniacha mpaka nikamaliza.

Baadaye akanitajia wateja wa kuwarudishia vitambaa vyao, akabakisha wawili, wale wa kazi ndogo. Alitaja majina bila kutua. Alipofika kwenye sare za shule alisita kidogo, kisha akasema nazo zirudi.

Saa kumi ikafika, saa ya mazoezi. Yule kijana haji nyumbani, amenifundisha namna. Nikaosha mikono, nikakaa mwisho wa kitanda, nikakishika kisigino chake kwa mkono mmoja na unyayo kwa mwingine, nikaanza kukunja polepole. Nilikuwa namtazama usoni, natafuta jasho.

"Hapo," akasema.

Nikaacha kukunja. Nikamuuliza panauma?

Alifumba macho. Ilimchukua muda, na nikaona ni kazi kwake kuliko hata kukunja mguu.

"Panauma," akasema. "Panauma sana, baba."

Nina miaka hamsini na mbili. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo.